Nyota ya Kanzidata ya Saba

Sehemu ya tisa

Sifuri.

Hapo ndipo nilipokuacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, roho mkononi. Chidananda alikuwa amebonyeza kitufe, tarishi akapaa mawinguni kuulizia kanzidata zote za kampuni, akarudi na jibu la neno moja. Sifuri. Oda za maua za Bengaluru nzima, zilizokuwa zikimiminika tangu alfajiri ya sikukuu, zilikuwa zimehifadhiwa mahali pasipokuwapo.

Mama mmoja ameniandikia kwamba hakuweza kumaliza chakula chake. Namwomba radhi, kwa kuwa ukweli unaniaibisha mimi niliyemtisha, na unamwaibisha Chidananda zaidi yangu. Kanzidata hazikuibwa wala hazikufutwa. Zilikuwa Mumbai, zilipokuwa siku zote, zinachapa kazi. Chidananda ndiye aliyemtuma tarishi Singapore.

Maana mashine hizi za kukodi zina kanda zake, na ukibisha hodi mtaa usio wako utaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Chidananda, fundi mkuu msaidizi, mwenye vyeti ukutani na kingine kinachosubiri fremu, alilikumbuka baada ya kumwekea Mungu nadhiri kwamba kanzidata zikionekana tu, atakwenda hekalu la Tirupati kunyoa kichwa na kutoa nywele sadaka.

Sasa zimeonekana. Alipapasa nywele zake, ambazo zilikuwa zimeanza kumkimbia kabla ya nadhiri yoyote, akaona kwamba Mungu naye angepunjwa.

Kama umejiunga nasi leo, karibu, hujapitwa na mengi. Tarishi ndilo jina walilompa ofisini mtumishi wao asiye na mwili. Unamwandikia maagizo ya ukurasa mmoja, anakwenda kwa mwenye mashine za kukodi, anauliza kuna kanzidata gani, zinaitwaje, ziko wapi, zilizaliwa lini, ni za nani, kisha anarudi na majibu bila kudai chai. Kanzidata ni yale maghala ya kumbukumbu ambamo kila oda ya maua, kila mteja na kila mlango wa kupelekewa huandikwa. Kampuni haina hata ghala moja lake yenyewe. Yote yako huko, mawinguni.

Na kwa nini haya yote siku ya Ayudha Puja, siku ambayo kila fundi anaviosha vyombo vyake vya kazi, anavipaka manjano na kuviombea? Kwa sababu ya mama yake Nanjundappa.

Nanjundappa ndiye mwenye kampuni. Mwaka jana siku kama hii alibariki viti, lifti, mashine ya kahawa na pikipiki zote za kupelekea maua. Deepavali, sikukuu ya taa, ilipofika, kanzidata zikaanguka, mji ukakosa maua, na mama yake akamwambia mezani, huku anamwekea dosa, kwamba wamebariki viti vya kukalia wavivu wakawasahau wanaofanya kazi.

Tangu hapo Nanjundappa hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mwaka huu kila kanzidata itaombewa kwa jina lake, mbele ya wafanyakazi wote, kwa nyota yake ya kuzaliwa, kama mtoto. Kuhani Bhatta alipoulizwa anahitaji nini, alitaja mambo matatu: jina, saa ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Na hayo, amini usiamini, ndiyo hasa tarishi anayoyaleta.

Chidananda akarekebisha neno moja kwenye maagizo, akaweka Mumbai, akabonyeza tena. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo chake. Oda kuu. Akiba ya oda. Wateja. Malipo. Njia za pikipiki. Wakulima.

Ya saba iliitwa vasudha-wa-moyo-wangu.

Chidananda aliufunika mstari ule kwa kiganja, mbio mbio, ingawa hakukuwa na mtu karibu. Kisha akainua kidole kimoja, akachungulia. Jina lilikuwa bado lipo.

Vasudha mwenyewe alikuwa meza ya pili kutoka kwake, anazipaka kompyuta alama za unga mwekundu, moja moja, kwa makini ya mtu anayemvika mwanawe sare ya shule. Yeye ndiye mkuu wa zamu. Yeye ndiye aliyemwandikia tarishi maagizo, na yeye ndiye aliyeongeza kwamba kila kanzidata itajwe pamoja na mmiliki wake, ili watu waache kuzaa mashine na kuzitelekeza.

Kwa miaka mitatu Chidananda alikuwa karibu kumwambia kwamba anampenda. Alikuwa karibu sana siku ya maonyesho ya maua ya Lalbagh, ila mvua ilinyesha. Alikuwa karibu wakati wa mashindano ya kriketi ya ofisi, ila alitolewa kwa mpira wa kwanza akaona mazingira hayafai. Na jana, kwenye foleni ya kahawa, Vasudha alimwambia, bila furaha na bila huzuni, kwamba siku ya Vijayadashami, sikukuu inayofuata Ayudha Puja, wazazi wake wanapokea wageni wa posa. Mvulana anafanya kazi Toronto. Baba wa mvulana ameshauliza rangi ya sari.

Kwa hiyo, msomaji, leo ndiyo siku yenyewe. Kesho Vasudha huenda akawa mchumba wa mtu. Na mtu ambaye alishindwa kusema neno moja kwa miaka mitatu alikuwa anakaribia kusemewa na kuhani, kwa kipaza sauti.

Utauliza jina hilo lilifikaje huko. Lilifika kama mambo yote ya kijinga yanavyofika, yaani mchana kweupe, baada ya chakula. Chidananda alikuwa na kanzidata ndogo ya mazoezi, siku moja akaipa jina hilo, akatabasamu, akaendelea na kazi. Hakuna aliyeangalia. Kanzidata ya mazoezi haiangaliwi na mtu.

"Tunaifuta tu," alijinong'oneza. Kufuta ni jambo la kubonyeza.

Akabonyeza. Mashine ikamkatalia, ikamwambia kwamba kanzidata hii ina kazi, na kwamba kwa wakati huu inahudumia maelfu.

Maelfu ya nini? Akachungulia. Marigoldi kilo mbili, Malleshwaram. Asumini mita tano, Jayanagar. Migomba ya mlangoni na boga jeupe la kupasua kufukuza kijicho, Rajajinagar. Zilikuwa oda za leo, zote, za mji mzima, zinaingia mbele ya macho yake kwenye ghala lenye jina la mapenzi yake.

Hapo akakumbuka. Ile Deepavali ya mwaka jana, kanzidata kubwa ilipoanguka na Nanjundappa akisimama nyuma ya kiti chake anahema, Chidananda alizielekeza oda kwenye kanzidata ya kwanza aliyoiona wazi. Kwa muda tu, alisema. Asubuhi tutarudisha. Asubuhi alipewa shada la shingoni na keki, akapigwa picha, akasahau. Muulize fundi yeyote wa mji huu atakwambia kwamba hakuna kitu kinachodumu kama kitu cha muda.

Kubadili jina je? Ukibadili jina unabadili anwani, na oda zitakuwa zinabisha hodi kwenye mlango uliong'olewa. Siku ambayo hata teksi haitoki gereji bila shada la maua, hilo lingekuwa kujichimbia kaburi na kulipia jembe.

Ikabaki njia moja. Tarishi angetumwa upya ukumbini, mbele ya wote, majibu yatokee kwenye skrini kubwa. Basi tarishi afundishwe kuiruka ya saba. Ni mstari mmoja tu wa maagizo. Chidananda aliuandika kwa ustadi, akatumia namba badala ya jina ili jina lisionekane popote, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akajiona mtu mwenye akili.

Raha hiyo ilidumu mpaka alipobonyeza kuhifadhi. Ofisini kwao hakuna anayebadili maagizo ya tarishi peke yake. Lazima mtu wa pili ayasome, aidhinishe. Na kwa maagizo haya mtu wa pili alikuwa mmoja tu.

Kwenye nafasi ya sababu Chidananda akaandika: usafi. Akatuma. Meza ya pili, simu ya Vasudha ikalia.

Vasudha akajifuta unga mwekundu kwenye kidole, akasoma, akageuza kiti.

"Chidu, unasafisha nini?"

"Kidogo tu. Kuna moja ya zamani."

"Ya saba. Ina nini ya saba?"

"Inachanganya. Nimeona itamchanganya kuhani."

"Mzee Bhatta anasoma Kisanskriti tangu alfajiri bila kumeza mate, leo achanganywe na jina moja?" Akamtazama vizuri zaidi. "Mbona unatoka jasho? Kiyoyozi kiko juu yako."

Chidananda akasema ni homa. Vasudha akamwambia homa haiidhinishi mabadiliko, na kwamba angeiangalia ya saba kwa makini akipata nafasi, kwa sababu mtu anayeficha kitu siku ya puja ama ameua ama ameharibu. Kisha Nanjundappa akaita watu ukumbini na Vasudha akaitia simu mfukoni, ombi likiwa halijajibiwa.

Chidananda alimkimbilia kuhani kwenye korido.

Bhatta alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na simu yenye kalenda ya nyota ndani yake. Gereji na kituo kizima cha mabasi vilikuwa vinamsubiri, na madereva hawapendi kungoja. Chidananda akamwomba kwa heshima zote, akiinama mpaka mgongo ukalia, kwamba akifika ya saba airuke.

"Mwanangu," alisema Bhatta, "ukiniletea watoto kumi na wawili nikabariki kumi na mmoja, unafikiri ni yupi atakayeumwa?"

"Mzee, hawa si watoto."

"Basi kwa nini umeniletea saa zao za kuzaliwa?" Akatazama karatasi ya mfano aliyopewa. "Na saa zenyewe ni za wapi? Nimejaribu hii ya kwanza, imenipa nyota ya mwizi wa ng'ombe."

Chidananda akakiri kwamba mashine zote huandika saa za London. Bhatta akauliza mtoto anazaliwa vipi Mumbai akaandikiwa saa za kwa watu, na kama wao wenye elimu hawakuona aibu. Akaanza kuongeza masaa kwa vidole huku anatembea, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ukumbi ulikuwa unanukia udi na kahawa. Migomba ilifungwa kwenye nguzo za mlango. Kompyuta zilikuwa zimelazwa kwenye shuka nyeupe kwa safu, kila moja na alama yake nyekundu na ua lake la njano, na mbele yao sinia za bisi za mchele zilizochanganywa na sukari guru. Wahasibu walikuwa wameshaanza kuzidokoa. Sumana, mke wa Nanjundappa, alishika sinia ya kafuri. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi papa hapa, kwa hiyo watu walimsalimu kama mwenzao, ila kwa kuinama zaidi.

Chidananda alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali anaposimama mtu mwenye mpango. Hakuwa na mpango. Alikuwa na mlango tu.

Tarishi akatumwa. Skrini ikawaka. Bhatta akachukua kipaza sauti ambacho hakukihitaji, akataja ya kwanza, akataja nyota yake, akauliza ukoo. Watu wakatazamana. Kanzidata haina ukoo. Nanjundappa akasema zote ziandikwe ukoo wake, kwa kuwa ndiye anayezilisha, na akalisema hilo kwa sauti iliyokwama kidogo. Watu wasimcheke. Kampuni ile aliijenga kwa mikono yake, akianza na baiskeli na kikapu.

Ya pili, ya tatu, ya nne. Maji yakanyunyizwa kwenye skrini na fundi umeme akafumba macho. Ya tano. Ya sita.

Chidananda alikuwa ameshika kitasa. Angeweza kutoka. Angeweza kuwa kwenye ngazi, kisha barabarani, kisha kwenye basi la kwenda kwao Davanagere, ambako shangazi yake ana duka la vitambaa na angemfundisha kupima mita. Wahenga walishasema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Hawakusema kwamba litakohoa kupitia spika za ofisi.

"Ya saba," alisema Bhatta, akakaza macho. "Vasudha wa moyo wangu."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Walidhani ni sehemu ya sala.

Kisha Bhatta, mtu mwaminifu kwa kazi yake, akasoma na mstari wa chini. "Mmiliki, Chidananda."

Hapo ukumbi ukapasuka. Mhasibu mmoja akapaliwa na bisi. Wapanda pikipiki wakapiga miluzi. Vichwa vyote vikageuka kwa Vasudha, kisha vikageuka kumtafuta Chidananda, vikamkuta ameshika kitasa cha mlango unaofungukia ndani, naye anausukuma kwa nje.

"Nini hiki?" Nanjundappa aliuliza. "Ifutwe. Sasa hivi, kabla ya ya nane."

"Haifutiki, bosi," alisema Chidananda kutoka mlangoni.

"Kwa nini haifutiki?"

"Ina oda ndani."

"Oda gani?"

"Zote, bosi. Za mji mzima. Tangu Deepavali."

Nanjundappa akakaa kwenye kiti kilichobarikiwa mwaka jana. Ilionekana anahesabu kitu kichwani na hesabu haitoki. Kwa hiyo maua ya leo, aliuliza polepole, maua yote ya leo, yanapitia kwa Vasudha wa moyo wa huyu? Chidananda akasema ndiyo, na kwamba kwa kweli haijawahi kuanguka hata mara moja, ni kanzidata nzuri.

Bhatta akakohoa. Mabasi yalikuwa yanasubiri. Alitaka kujua tu, alisema, hii ya saba aiandikie ukoo wa nani, kwa maana ina jina la msichana na mwenye kuidai ni mwanamume, na yeye hawezi kwenda mbele ya Mungu na mambo nusu nusu. Ni mtoto, ni mke, au ni nini?

Chidananda akaachia kitasa.

Nataka nimsifu hapa, kwa sababu nafasi za kumsifu ni chache. Alitembea kutoka nyuma mpaka mbele, katikati ya watu wanaomcheka, viatu mkononi kama walivyoingia wote, soksi moja na tundu. Akasimama mbele ya Vasudha. Vasudha hakuwa anacheka. Alikuwa amejikunyata kidogo, mikono miwili kwenye simu, na kidoleni mwake bado kulikuwa na unga mwekundu.

"Nilitaka kukwambia," alisema Chidananda. "Kila siku naona kesho itafaa zaidi. Sasa kesho yenyewe wanakuja wageni kwenu. Basi nakwambia leo. Nakupenda, Vasudha. Niliipa mashine jina lako kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukuita kwenye foleni ya kahawa. Ukitaka kunicheka, cheka tu. Mimi mwenyewe nimeanza zamani."

Kelele zikafa. Hata yule mhasibu aliyepaliwa alijizuia akawa anakohoa kimya kimya, machozi yanamtoka.

Vasudha alitazama simu yake. Alisoma kitu pale, polepole, akakisoma tena, kisha akaandika kwa kidole kimoja na kubonyeza.

Simu ya Chidananda ikatetema mfukoni. Alihisi ni adabu mbaya kuitoa wakati anasubiri kukataliwa, lakini macho ya Vasudha yalimwambia aitoe. Akaitoa.

Ombi lako la kuiruka kanzidata ya saba limekataliwa. Sababu: usifiche.

Aliisoma mara tatu, kwa kuwa ni mtu wa kusoma. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumkatalia ombi akataka kuruka juu kwa furaha. Alipenda mno kila kitu kilichokuwa ukumbini humo, mpaka lifti. Vasudha akainamisha uso, akaufunika mdomo kwa pindo la sari, na mabega yake yakawa yanacheza. Alikuwa anacheka kweli sasa, kile kicheko cha mtu aliyengoja jambo hadi akalikatia tamaa, nalo likaja na soksi iliyotoboka.

Wapanda pikipiki wakapiga makofi. Nanjundappa alisimama, akasema kwamba kwa kuwa haifutiki basi ibarikiwe, na Mungu awe mwema kwa biashara. Ningeishia hapa, msomaji, ukala chakula chako vizuri, na mama yule wa barua akanisamehe.

Lakini Bhatta alikuwa bado anahesabu nyota.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Hii imenipa Rohini. Nyota njema, ya uzuri. Wewe binti, umezaliwa nyota gani?"

"Magha," alisema Vasudha.

"Si kitu, hiyo ya mashine ni ya mashine." Akasogeza miwani kwenye skrini. "Tatizo ni mwaka. Wewe uliingia lini kazini hapa?"

Vasudha akasema aliingia baada ya sikukuu ya Sankranti, na akautaja mwaka. Kisha naye akageuka kuitazama skrini. Mkuu wa zamu hahitaji kuhani kumsomea. Kanzidata yenye jina lake ilikuwa imezaliwa mwaka mzima kabla hajakanyaga jengo lile, kabla Chidananda hajajua kwamba chini ya jua kuna mtu kama yeye.

Kicheko kilimwisha pole pole.

"Ukibadili jina," Chidananda alieleza, "saa ya kuzaliwa haibadiliki. Inabaki ileile ya mwanzo." Hili lilikuwa kweli kabisa. Alilisema kama mwalimu, kwa uwazi, na kabla hajafika mwisho wa sentensi akaona amejifunga kamba mwenyewe.

"Najua haibadiliki," alisema Vasudha. "Kwa hiyo ulibadili jina."

"Eh."

"Kabla yangu iliitwaje?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema iliitwa mazoezi, au majaribio, au jina lolote kavu ambalo mafundi huzipa mashine wasizozipenda. Nusu ya ukumbi ingemwamini. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kuambiwa asifiche, na neno hilo lilikuwa bado linawaka kwenye simu mkononi mwake.

"Iliitwa Sumana," alisema. Kisha, kwa sababu aibu ikishaanza haina breki, akamalizia. "Sumana wa moyo wangu. Hayo maneno mengine sikuyagusa."

Hakuna aliyepiga mluzi. Kafuri iliyokuwa inawaka kwenye sinia ilitoa moshi, na moshi ukapanda mbele ya uso wa mke wa Nanjundappa. Nanjundappa alimtazama mkewe, akamtazama Chidananda, akaitazama kanzidata aliyotoka kuipa ukoo wake. Yule mzee wa baiskeli na kikapu hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Chidananda akaanza kusema kwamba ilikuwa zamani, kabla ya ndoa, kwamba hakumwambia mtu, kwamba hata mwenyewe Sumana hakuwahi kujua. Alisema hivyo akimwangalia Vasudha, kwa kuwa hukumu yake ilikuwa kwa Vasudha na si kwa mwingine.

"Nilijua," alisema Sumana.

Akaiweka sinia chini kwa utaratibu, akajifuta majivu mikononi.

"Ulifikiri mimi nilikuwa fundi wa nini, Chidu? Niliiona wiki ile ile. Nikaingia, nikakuandikia jibu humo humo ndani, nikangoja ulisome." Akamgeukia mumewe, akamtazama usoni bila kukwepa. "Halikusomwa. Nikangoja, nikachoka, ukaja wewe."

Miaka yote hiyo Chidananda alikuwa anaangalia jina tu. Ndani hakuwahi kuchungulia ila leo, na leo aliona oda tu. Mji mzima ulikuwa umeweka maua yake humo, juu ya jibu ambalo yeye hakuwahi kulisoma.

"Bado liko?" aliuliza Nanjundappa.

"Kama hajafuta," alisema Sumana, "na anasema haifutiki."

"Fungua."

Kuhani Bhatta alizima kipaza sauti. Chidananda hakusogea. Hakujua jibu lile lilikuwa ndiyo au hapana, na hapo, mbele ya wote, hakujua ni lipi lingemharibia zaidi. Akamtazama Vasudha, akiomba kwa macho aseme neno lolote.

Vasudha akainama kwenye shuka nyeupe, akaichukua kompyuta yake mwenyewe, akalitoa ua la njano juu yake na kuliweka pembeni. Akaifungua, akaandika nywila, akamsogezea.

"Tumia hii," alisema. "Na usome kwa sauti."